Kikombe chenye Sikio la Mpira

Kanisani kwetu sinia la Meza ya Bwana halina haraka. Linaanzia benchi la mbele na kupita mkono kwa mkono, na linapofika kwa mtu, benchi zima humtazama bila kugeuza shingo. Ni sinia la bati linalong'aa, lenye matundu ya duara, na kila tundu limemeza kikombe kidogo cha kioo, umebaki mdomo tu nje. Unaubana ule mdomo kwa vidole viwili, unavuta juu, unakunywa, unarudisha. Divai yetu si divai, ni maji mekundu ya zabibu ya dukani, lakini hilo si shida. Ni jambo dogo. Mtu halifanyi akiwa anavifikiria vidole vyake.

Kabla sinia halijaondoka mbele, mchungaji husema maneno yale yale: mwenye neno na ndugu yake, mwenye jambo ambalo hajalitengeneza, aliache lipite. Basi ukiliacha lipite, umeshajitangaza. Watu hawatauliza kama una dhambi. Watauliza ni ipi.

Mimi linanipita kwa amri. Nilizaa bila ndoa. Baba wa mtoto yuko upande wa Goma na hajaona sababu ya kuvuka mpaka. Nikasimamishwa mbele ya kanisa na tumbo langu, nikasomwa jina, nikatengwa na Meza mpaka nitakapotengeneza mambo. Sisemi nilionewa. Sheria nilizijua tangu nikiimba kwaya, na nilipomaliza sekondari mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa Jumapili amri kumi. Ninachosema ni kwamba yeye, baba wa mtoto, hakusomwa popote.

Siku ya kwanza ya Meza niliyorudi na mtoto mgongoni, nilikaa kando ya mama yangu, pale tunapokaa siku zote, ibada ya Kiswahili, benchi la karibu na dirisha. Nilikuwa nimejiandaa. Nilishaamua kwamba sinia likifika nitatazama mbele, kavu, kama mtu anayesubiri gari. Nilichokuwa sijakiandaa ni mama. Sinia lilipomfikia, aliingiza mikono yake chini ya kitenge, akainamisha kichwa, akaliacha lipite. Mama yangu! Aliyeviosha vikombe vile Jumamosi zote za utoto wangu, akivipanga juu ya kitambaa cheupe, na ole wako uvikaribie na mkono wa mafuta.

Likanipita na mimi. Tukabaki wawili, mama na binti, mikono kwenye mapaja, katikati ya watu wanaomeza.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Mama ana neno na ndugu yake, na ndugu ni mimi.

Meza iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Pale bombani Mbugangari, nikiwa nasubiri dumu langu lijae, wanawake wawili wa kanisani walikuwa mbele yangu, hawakuniona au walijifanya, wakimsema mama kwa jina la kizee, Mukecuru.

"Mukecuru bado hajamusamehe."

"Utasamehe nini, sha? Mutoto amesoma, amekula pesa ya masomo, analeta tumbo."

"Lakini kujinyima Meza juu ya mutoto..."

"Juu ya mutoto njo unaweza kujinyima. We ungefanya aje?"

Nilichukua dumu langu halijajaa nikaondoka. Maji yalinimwagikia miguuni njia nzima. Hasira ningeweza kuibeba, nina mazoea nayo. Aibu ndiyo iliyonielemea. Nilikuwa nimejiharibia yangu, sawa, lakini sasa nilikuwa nimesimama kati ya mama yangu na Mungu wake, na yeye hana kingine. Baba alishakufa, biashara mama aliiacha, kilichombakia ni kanisa, mimi, na mtoto wangu. Nami nilikuwa nimemtoa kwenye kile cha kwanza.

Nyumbani jambo hilo hatukulitaja. Tulizungumza habari za chumvi na mkaa. Asubuhi nilikuwa nachukua karoti zinazotoka Cyanzarwe, navuka nazo mpaka pale Petite Barrière kwenda kuuza Goma, narudi jioni. Yeye alibaki na mtoto. Usiku nilikuwa namsikia akisali, na kila aliposema "utusamehe" nilijua anayetajwa ni nani.

Kisha mtoto akashikwa na kifua.

Alipewa sirapu, ile inayokuja na kikombe chake kidogo cha plastiki cha kupimia. Nikamwonyesha mama mstari: mpaka hapa, asubuhi, mchana na jioni. Akaitikia. Nikaenda zangu mpakani. Siku zikapita, mtoto bado anakohoa mpaka anatapika, na jioni moja nikainua chupa juu ya taa. Haikuwa imepungua, isipokuwa kile nilichokuwa nampa mwenyewe.

Nilimgeukia mama yangu namna ambayo mtu hamgeukii mama yake.

"Mama, mtoto alikukosea nini? Mimi nilikukosea, sawa! Mimi! Kama unanionea haya niambie, nitoke hapa kwako, lakini usimlipize mtoto!"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakupandisha sauti.

"Leta ile kintu."

"Kitu gani?"

"Kikopo cha dawa. Leta."

Nikaleta kile kikombe. Nikakiweka sakafuni mbele yake, kwa dharau, nakiri. Akatoa mkono chini ya kitenge. Sijui niseme nilikuwa siuoni mkono ule kwa miezi au nilikuwa siutazami. Viungo vilikuwa vimevimba, vidole vimejipinda kuelekea kiganjani kama tangawizi iliyochimbwa sasa hivi. Alijaribu kukibana kile kikombe. Dole gumba halikukifikia kidole cha pili. Kikombe kiliteleza, kikalala ubavu. Akajaribu tena, kikakimbia mpaka kwenye mguu wa kiti. Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo, akakirudisha.

"Njo vile," mama akasema. "Nilikuwa ninamupa kwa kijiko, kijiko nacho kinaanguka. Sasa nikaacha."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Akatazama mlango kana kwamba kuna mtu.

"Ile Meza ya kwanza, weye ulikuwa umetoka kuzaa, uko kwa kitanda. Sinia ilifika. Nikavuta kikombe, kikanitoka. Ikamwagika yote kwa mama mwenye alikuwa kando yangu, kwa nguo yake ya sherehe, mushanana nyeupe. Nyeupe, mutoto wangu! Akaruka. Akasema, 'Mukecuru, umelewa damu ya Yesu?' Batu bakaseka. Mpaka shemasi akaseka. Donc, kutoka siku ile nikasema, basi, ipite."

Nilikaa chini. Kwanza, na hili ndilo linaloniuma hata leo, nilifurahi. Haikuwa mimi! Miezi yote ile haikuwa mimi! Nilihisi mgongo umepungua uzito kama nimeshusha gunia. Halafu nikaona ninafurahia nini. Mama yangu ana mikono iliyokufa, na mimi nashangilia.

Halafu hasira ikaja, kwa sababu kwangu haikosi kuja.

"Na wanavyosema ni mimi? Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa ninasikia."

"Ukawaacha?"

"Nikabaacha." Alinitazama usoni. "Mama kukasirikia mutoto wake, ile iko na heshima. Banasema, huyu ni muzazi kweli. Lakini mukono kukufa... Bakishajua mukono umekufa, kesho banakuja kukuogesha. Banakuongelesha kama kitoto. Mi sitaki."

Kwa hiyo alinitumia mimi kama kitenge. Alifunikia mikono yake kwa jina langu. Nilitaka kupiga kelele. Nilichofanya ni kumpa mtoto dawa, kwa mkono wangu mzima, mbele yake, na hata hilo lilikuwa kama tusi.

Kesho yake nikarudi kutoka Goma na kikombe cha plastiki cha mtoto, chenye masikio mawili, kimechorwa bata. Nilijiona mwerevu. Nikamtilia chai, nikamwambia akamate kote kuwili. Alikikamata. Alikunywa bila kumwaga tone. Kisha akakiweka chini taratibu sana.

"Unataka nikunywe damu ya Bwana kwa kikopo cha bata?"

"Nilitaka tu kuona..."

"Umeona. Mupe mwenye kikopo chake."

Mtoto akakichukua na kuondoka nacho, mwenye furaha, na mama akageukia ukuta. Nilikuwa nimefanya kile kile alichokikimbia. Nilimwogesha.

Lakini kitu nilikuwa nimekiona. Vidole vyake haviwezi kubana, ila vinanasa. Vimejipinda tayari kama ndoana. Ukivipa sikio la kuingia, vinashika kuliko vyangu. Hakuhitaji kikombe kingine. Alihitaji kikombe kile kile cha wenzake, kipewe sikio.

Kwenye mpaka wetu kila mzigo unafungwa kwa mpira. Ule mpira wa ndani wa magurudumu ukitoboka mara ya mwisho hautupwi. Unakatwa mikanda mirefu myeusi, na kwa mikanda hiyo karoti, unga na magodoro vinavuka mpaka. Hata zile baiskeli za magurudumu matatu, ambazo wenzetu wasiotembea wanazisukuma kwa mikono huku zimejaa mizigo hadi juu, nyingi zina mpira huo umezungushiwa kwenye vishikio ili kiganja kisiteleze. Nilipita kando yao kila asubuhi. Sikuwahi kufikiria nyumbani kuna mtu anayehitaji kitu kama hicho.

Mama alikuwa na kikombe kimoja cha kanisa kilichovunjika ukingo, walimwachia zamani kwa kuwa chenye ufa hakiwekwi Mezani. Nikachukua kipande cha mpira, nikakiosha kwa sabuni, nikakichemsha na ndimu kwa sababu kinanuka barabara, nikakata ukanda mwembamba. Nikauzungusha kikombeni. Kwanza niliuzungusha chini, kikawa kinene, kikakataa kuingia kwenye tundu. Nilikuwa nimetoboa kopo la maziwa ya unga liwe kama sinia. Nikaupandisha juu, karibu na mdomo. Hapo kikombe kikaingia nusu, mpira ukakaa juu ya tundu, kikabaki kimesimama wima kama mtu aliyenyanyua shingo. Ncha ya ukanda nikaikunja, nikaipitisha chini ya mzunguko, ikatokeza kitanzi. Sikio. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha pili kililegea kikombe kikapinduka, chai ikaingia kwenye mkeka.

"Huyu ananizamisha," mama akasema. Lakini hakugeukia ukuta tena.

Cha tatu alikipa kidole chake. Kikaingia. Akainua. Kiganja cha pili akakiweka chini kama mtu anayekinga mvua. Akanywa chai yote, ambayo kwa kikombe kile ni funda moja, akabaki amekishikilia hewani.

"Tia ingine," akasema.

Akanywa nyingine, na nyingine. Mtoto naye akataka. Tulikunywa chai kwa kikombe cha Meza mpaka birika likaisha, Mungu atusamehe.

Jumamosi tulikwenda kanisani, kwenye chumba cha nyuma ambako wanawake wanaosha vikombe. Mama alisema atangoja mlangoni, niingie peke yangu. Alitumaini bado kwamba linaweza kufanyika bila yeye kuonekana. Nilimkuta shemasi, mtu wa makamo aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikamweleza kwamba naomba kikombe kimoja kizima, nitakivalisha hivi, kikae ukingoni mwa sinia kwa ajili ya mtu fulani. Nikamwonyesha. Alikigeuza mkononi.

"Hiki ni nini, binti yangu? Mpira wa gurudumu?"

"Umechemshwa."

"Gurudumu lililokanyaga uchafu wote wa mpakani, ulilete kwenye Meza ya Bwana?"

"Na sinia lilianguka na vikombe kutoka mbinguni? Si bati?"

Mwanamke mmoja pale beseni alicheka puani. Shemasi akapunguza sauti, na mtu akipunguza sauti namna ile, ujue wote wanasikia.

"Dada, nakuheshimu. Lakini unajua hali yako. Si vizuri wewe, kwa sasa, ushughulike na vyombo hivi."

Wanawake wakaacha kuosha. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mikono yao. Masikio yangu yaliwaka. Nilitazama kile kikombe mikononi mwake nikaona, kwa macho yake, kitu nilichotengeneza: kitambara cheusi shingoni mwa kioo. Nikanyoosha mkono nikirudishe.

Mama akaingia. Hakusalimia, na mama yangu husalimia hata mbuzi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kitambaa cheupe vilipopangwa vile vikombe, akaitoa mikono yote miwili chini ya kitenge, akaiweka pale juu, katikati yao.

"Njo hii," akasema. "Muangalie vizuri. Ule mutu fulani ni miye."

Mmoja wa wale wanawake alikuwa ndiye yule wa mushanana nyeupe. Alianza kufuta beseni lililokuwa kavu.

"Mama," shemasi akasema, "si ungesema tu?"

"Ningesema kwa nani? Si ulikuwa unaseka?"

Shemasi alikitazama kikombe, akaitazama mikono, akaangalia kando. Kisha akachukua kikombe kizima kwenye kitambaa akanipa, hakunipa mkononi, alikiweka ukingoni mwa meza nikiokote.

"Valisha," akasema.

Nikakivalisha pale pale, mbele yao, na kitanzi kikanishinda mara mbili. Mama hakurudisha mikono chini ya kitenge. Njiani kurudi alitembea nayo nje, kwenye baridi, na mimi nilitembea hatua moja nyuma yake. Nilikuwa nimemtoa gizani bila idhini yake, kwa sababu sikujua kuomba kitu bila kugombana.

Jumapili sinia likaondoka mbele. Kikombe chetu kilionekana kutoka mbali, kimesimama juu ya wenzake, kimevaa cheusi. Watu walikitazama kikipita. Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Lilipofika kwetu, mama alipeleka kidole, hakuharakisha, akakiingiza katika sikio, akainua, akakinga kwa chini, akanywa. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda ambao mtu mwenye adabu hakai, sinia likimsubiri. Kisha akakirudisha tunduni, na kikatulia.

Nyuma yetu mzee mmoja, ambaye miaka yote tunamjua kuwa ni mtu mwenye ugomvi wa shamba na kaka yake na kwa hiyo hashiriki Meza, alinong'ona kwa sauti ya kiziwi: "Ile ya sikio, mubakishe! Na miye nipate!" Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha siku ya mushanana. Shemasi akakijaza tena akampelekea. Na yeye alikuwa na kiganja kigumu kama gome, kisichoweza kubana.

Lakini kabla ya hapo, kati ya mama na yule mzee, sinia lilipita mbele yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Miezi yote tulikuwa wawili tunaopitwa. Macho ya watu yalikuwa yanagawanyika, nusu kwake, nusu kwangu, na nilikuwa nimeegemea aibu yake bila kujua, kama mtu anayeegemea ukuta wa jirani. Sasa mama alikuwa na zabibu mdomoni, na macho yote yalikuwa yangu. Hata mtoto alinyoosha mkono kuelekea vile vikombe vinavyong'aa, nikaushusha. Ule mkasi nilioukatia mpira ndio niliojikatia.

Nje, shemasi alinifuata. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wazee wengine wameuliza. Tunaomba ututengenezee vingine, kama sita hivi, kabla ya Meza ijayo."

"Hali yangu imebadilika tangu jana?"

"Hapana... Hiyo ni habari nyingine. Hiyo ni ya kikao."

"Kwa hiyo mikono ndiyo, mdomo hapana."

Akafungua kinywa, mama akamtangulia.

"Atatengeneza," akasema.

Ningeweza kumwacha mama pale barabarani. Nilibeba vile vikombe sita nilivyopewa, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe, mpaka nyumbani, nikiwa natukana moyoni kila hatua. Nilivitua juu ya mkeka kwa nguvu kuliko inavyofaa. Nikachemsha mpira. Nikakata. Mama alikaa mbele yangu, ananasa kikombe kimoja kimoja kwa kidole chake, ananisogezea. Nikimaliza anakijaribu, anakataa, anarudisha. Kazi yake ya Jumamosi ilikuwa imemrudia, na uso wake ulionyesha.

"Hii imelegea," alisema. "Kata tena. Bon. Hii iko muzuri."

Nikakata tena.

"Siku yako ikifika," akasema bila kuinua kichwa, "ya kwako usitie mupira. We uko na vidole."

"Vidole niko navyo, mama. Sinia njo sina."

Mama alinasa kikombe kilichofuata, akanisogezea.